Wastani

Saa tatu asubuhi ninainamia kipimamvua
kama baba alivyokiinamia, ziwa likiwa mgongoni.
Leo sifuri. Jana sifuri. Ni mwezi wa saba, Igombe,
mawe yamepauka, kusi imenirudisha ndani kufuata shuka,
na redio ilisema usiku,
kwa sauti ya mtu aliyekula akashiba:
Kanda ya Ziwa, kipupwe cha mwaka huu
kitakuwa na baridi ya wastani.

Nimefungua daftari nimtafute huyo Wastani.

Kurasa za kwanza ni za inchi, mkono wa karani wa jineri,
herufi zimelala upande kama mpunga baada ya upepo.
Sitini na mbili: tarakimu, tarakimu, tarakimu,
kisha pembeni, kwa penseli:
*Ziwa limefika ngazi ya tatu ya gati.*
Ukurasa wa pili: *Ya tano.*
Ukurasa wa tatu: *Hakuna ngazi.*

Sabini na nne inchi zimekuwa milimita,
lakini hapakuwa na cha kupimwa.
Sifuri zimepangwa ukurasa mzima,
kila moja ameichora polepole, duara kamili,
kana kwamba sifuri ikichorwa vizuri
itaatamiwa, itaanguliwa.
Pembeni: *Tumeuza fahali.*
Pembeni, wino mwingine: *Na jike.*

Tisini na nane, siku moja, mstari mmoja tu:
*Kimefurika kabla sijaamka. Sijui.*
Hiyo ndiyo mvua kubwa kuliko zote humu
na haina namba.

Elfu mbili na ishirini ni mwandiko wangu.
Mwezi wa tano nilipima nimeshika viatu mkononi.
Ziwa lilikuwa jikoni kwa Nyamizi,
kambale anazunguka mafiga
kama mpishi aliyesahau chumvi.
Nyamizi alisimama mlangoni akacheka,
halafu akaacha kucheka.

Jumlisha yote. Gawanya.
Utampata Wastani, bwana mmoja mpole,
mguu mmoja majini, mguu mmoja vumbini,
anafuga nusu ya fahali,
na ukimjulia hali anasema hajambo.
Sijawahi kuonana naye.
Hapa Igombe hajazika mtu, hajaazima jembe.

Mbuke anapita, karai kichwani.
Hasalimii. Anauliza:
"Nianike?"
Dagaa wa usiku kucha, makarai sita,
ada ya shule ya watoto wawili
inasubiri juu ya mchanga.

Ninajua ukurasa gani.
Themanini na tisa, mwezi huu huu,
sifuri ishirini na mbili zimejipanga foleni
na ya ishirini na tatu si sifuri:
thelathini na moja nukta nne.
Pembeni: *Dagaa wote wa Igombe. Harufu siku tisa.*
Mara moja tu, katika maisha yote ya daftari.
Nimwambie hivyo? Mara moja tu?
Mara moja haibishi hodi.
Mara moja ilimkuta mama yake Mbuke
ameinama, anageuza samaki,
na haikumuuliza kama ni kipupwe.

Natazama upande wa Ukerewe.
Kuna wingu, dogo, la kukaa tu,
kama mgeni ambaye hajasema kilichomleta.

"Baridi ya wastani," nasema, nasikia aibu.
Mbuke ananitazama.
Karai halishuki kichwani.

"Anika," nasema. "Ila turubai
usiliweke mbali. Na usilale mchana."

Huo ndio utabiri wangu, sina mwingine.
Anaondoka. Nasikia karai la kwanza likimwagwa,
sauti kama ya mvua ndogo juu ya mchanga,
nami nageuka, kweli nageuka, kutazama juu.

Kisha nachukua kalamu.
Tarehe. Saa. Sifuri,
ninaichora polepole, duara kamili.
Na pembeni, kwa penseli:
*Mbuke ameanika.*